Nani anaulizwa kila saa hapo dukani kwako?

Ndugu zangu mnaouza mtandaoni, hasa ninyi wa Mpanda, Inyonga na Katavi yote, kuna ugonjwa wa kampuni za programu za kompyuta ambao na sisi wadogo tunao. Mtu mmoja ndiye anayejua sehemu fulani ya kazi. Siku akiumwa au akiacha, kila kitu kinasimama.

Google wana utaratibu wanaouita g2g: mfanyakazi wa kawaida anajitolea kuwafundisha wenzake anachokijua. Xerox, wale wa mashine za kutoa kopi, mtafiti Julian Orr alikaa na mafundi wao akaona wanajifunza mengi kwa kupiga stori wao kwa wao kuliko kwenye vitabu vya maelekezo. Baadaye kampuni ikatengeneza mfumo wa Eureka: fundi anaweka mbinu yake, wenzake wanaikagua, na jina lake linabaki pale.

Sasa tuje kwetu. Tuseme unauza asali ya Inyonga kwa wateja wa Dar na Dodoma. Mko wanne: wewe, dada wa kupaki, kijana wa kujibu meseji, na anayepeleka parseli stendi. Mteja wa Dar anaandika, "Mbona imekuwa kama sukari, mmechanganya nini?" Kijana wa meseji hajui, anakaa kimya. Jioni mteja ameshaandika chini ya posti yako kwamba unauza feki. Na dada wa kupaki alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka hapo! Yeye anajua vizuri kwamba asali iliyoganda haijaharibika, unaweka chupa kwenye maji ya vuguvugu inarudi, ila usiichemshe. Hakuna aliyemuuliza.

Kumpata mtu kama huyo, usiitishe kikao na kuuliza "nani mtaalamu hapa?" Wote watakutaja wewe, kwa sababu wewe ndiye bosi. Uliza hivi: "Ukikwama, unamfuata nani?" Fanya wiki nzima, andika majina. Litakalojirudia ndilo. Mara nyingi ni mtu mpole, hajisifii hata kidogo. Na usimbebeshe kila kitu. Anayejua asali si lazima ajue habari za mabasi au treni ya Tabora.

Ukishampata, tafadhali usimwambie akaandike mwongozo. Wajuzi wengi mikono yao ndiyo inayojua, ukiwapa kalamu wanaganda kuliko hiyo asali. Mrekodi kwa simu akiwa anafunga mzigo: kwa nini hajazi chupa mpaka mdomoni, kwa nini anaweka nailoni chini ya kifuniko. Aandike yule anayeulizaga maswali, kisha mjuzi asikilize na kurekebisha. Jibu fupi liingize kwenye WhatsApp Business, sehemu ya majibu ya haraka. Ukilipa jina "ganda", kijana anaandika /ganda, jibu lote linatokea. Weka na tarehe, maana nauli ya parseli ya mwaka jana siyo ya leo.

Halafu hapa ndipo wengi tunabana sana. Kama unamlipa dada kwa idadi ya chupa anazopaki, ile saa anayofundisha anapoteza hela yake. Mlipe. Ana hofu nyingine pia, kwamba wakishajua wote hatahitajika tena. Hofu hiyo haiondoki kwa maneno matamu. Inapungua akiona mwenye ujuzi anapewa kazi kubwa zaidi, na jina lake linatajwa mbele ya wenzake.

Kwa anayefanya kazi peke yake, mjuzi wako yumo kwenye grupu la wauzaji wenzako. Angalia ni nani watu wanamtagi likitokea tatizo la mzigo. Mwombe dakika kumi kwa simu, na vocha unanunua wewe.