Hapana, bustani ya mvua haifugi mbu

Wageni wakija kwenye kituo chetu cha mafunzo ya mazingira hapa chuoni hugonga tangi, hutazama gata, hupiga picha. Kisha husimama mbele ya bustani ya mvua, yaani bonde pana la kina cha sentimita 20 lililopandwa vetiva, na mmoja wao huuliza: "Sasa mtaalamu, hapa si mnafuga mbu?" Wiki iliyopita niliulizwa mara nne. Mara ya nne aliuliza mwenyekiti wa mtaa ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, amemwaga zege uwanja mzima "kuua mazalia".

Kuanzia yai hadi aruke, mbu anahitaji maji yaliyotuama wiki nzima hivi. Bonde letu, hata masika ikichachamaa, hunywa maji yake likamaliza ndani ya siku moja. Viluwiluwi vinabaki na tope, vinakufa.

Zege je? Halinywi kitu. Mvua ya milimita 50 kwenye paa na uwanja wa jumla ya mita za mraba 300 ni lita 15,000. Zinakwenda kwa jirani, kisha kwenye mtaro uliosongwa na chupa, zinatulia huko. Mazalia umeyahamisha tu, mwenyekiti, tena mtaa ni wako. Na mbu wa dengi, waliotutesa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda matairi, makopo, vifuu na ile ndoo iliyo wazi nyuma ya jiko. Kaifunike kwanza, ndipo uje tubishane.

Wengine humwaga oili chafu. Viluwiluwi vinakosa pumzi, kweli. Halafu mvua inaisukuma oili hadi kisimani, na chai yako inanukia gereji.

Mnaotaka kufanya: chimbeni shimo la futi moja, lijazeni maji mara mbili. Ya pili yakikaa zaidi ya siku moja, huo ni mfinyanzi. Acheni bustani, nunueni tangi. Yakinywewa, bustani ikae mita tatu au zaidi kutoka kwenye msingi, mbali na shimo la choo, na iwe na njia ya kutolea maji yanayozidi. Gata zisafishwe kabla ya masika, maji ya kwanza yamwagwe, mdomo wa tangi uwe na wavu. Mianya ya pevingi ijazwe kokoto, si saruji. Zege limeshamwagwa? Vunjeni ukanda pembeni, pandeni nyasi.

Mwenyekiti, nyundo ipo kituoni. Tunaazima bure.