Santuri kuukuu ni dawa ya upweke, lakini chunga masikio na kifua

Huenda umewahi kumwona mtu mzima amechutama katika kibanda cha Soko la Kenyatta, Nairobi, akipekua katoni za santuri za mitumba moja baada ya nyingine. Anapuliza vumbi, anasoma karatasi ya katikati, anaigeuza kwenye mwanga atazame mikwaruzo. Ukajiuliza: anatafuta nini huyu, ilhali nyimbo zote siku hizi zimo kwenye simu?

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa mpenzi wa santuri, kule kuinama kwenyewe ni sehemu ya raha. Leo tutazame raha hiyo inaufanyia nini mwili na akili, na ni wakati gani inaweza kugeuka kuwa madhara.

Santuri katika nchi ya chai

Hapa Silibwet, Kaunti ya Bomet, si ajabu kukuta santuri katika boma la mzee. Nyingine zilinunuliwa kwa mshahara wa mashamba ya chai ya Kericho, nyingine zililetwa na vijana waliokwenda kufanya kazi mijini. Katika miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa na kiwanda chake cha kutengeneza santuri, na nyimbo za Daudi Kabaka, za Franco na za Kipchamba arap Tapotuk zilifika hadi vijijini. Jim Reeves naye alikuwa kama jirani.

Lakini gramafoni ilifika huku kabla ya hapo. Mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet akiwa na mashine zake za kurekodi. Wasichana wa Kikipsigis walimwimbia wimbo kuhusu kiumbe wa ajabu aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu paa, wakimkaribisha aje kucheza. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani ambaye santuri zake zilikuwa zimesikika katika eneo hili. Wimbo huo ukawekwa katika santuri, na nakala yake imehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo Tracey alianzisha nchini Afrika Kusini mwaka 1954.

Kwangu mimi daktari, kisa hicho kina upande wa pili. Jimmie Rodgers alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Aligunduliwa kuwa na ugonjwa huo mwaka 1924, na mwaka 1933 akafariki akiwa na umri wa miaka 35, siku chache tu baada ya kurekodi nyimbo zake za mwisho. Dawa ya kwanza ya kutibu kifua kikuu, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943. Wasichana wale walipomwimba, alikuwa amekufa miaka 17 iliyopita. Leo kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6, na katika vituo vya umma nchini Kenya dawa ni za bure. Ukikohoa kwa wiki 2 au zaidi, nenda ukapimwe.

Kwa nini kupata santuri kunafurahisha?

Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichapisha utafiti kuhusu ubongo wa watu wakiwa wanasikiliza muziki wanaoupenda sana. Waligundua kwamba ubongo hutoa kemikali ya raha iitwayo dopamini mara mbili: kwanza, katika sehemu moja ya ubongo, pale mtu anapongojea kipande kitamu kifike, na tena, katika sehemu nyingine, kinapofika. Kwa maneno mengine, kungojea nako ni raha.

Kwenye simu, kungojea huko hakuchukui hata dakika. Kwa santuri ni safari. Unatoka nyumbani, unatembea sokoni, unapekua, unabishana bei, unarudi, unaipangusa, ndipo unashusha sindano. Hapo umefanya mazoezi kidogo, umezungumza na watu, na umesahau deni la karo kwa saa mbili.

Kuna faida nyingine ndogo ambayo wengi hawaioni. Upande mmoja wa santuri kubwa huchukua kama dakika 20 hivi, kisha ni lazima uinuke uigeuze. Wengi wa wagonjwa wangu wenye kisukari na shinikizo la damu huketi kwa saa nyingi bila kuinuka. Kuinuka kila dakika 20 ni jambo ambalo mimi huwashauri walifanye hata bila muziki.

Upweke pia ni ugonjwa

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliunda tume ya kushughulikia upweke, kwa sababu upweke unahusishwa na maradhi ya moyo, kiharusi, mfadhaiko na kufa mapema. Sisi huku tunadhani upweke ni wa Wazungu. Si kweli. Watoto wamehamia Nairobi na Nakuru, mke au mume amefariki, na mzee amebaki na redio na ng'ombe wawili.

Mzee mmoja mjane, aliyestaafu kazi ya chai, alikuwa akija kwangu kila mara na malalamiko mapya: leo kichwa, kesho tumbo, keshokutwa usingizi. Shinikizo lake la damu lilikuwa juu, nami nikampa vidonge. Siku moja alikuja akiwa na uso mwingine. Mjukuu wake alikuwa amemtengenezea gramafoni iliyokaa kabatini miaka mingi, na kila akija likizo humletea santuri moja kutoka mjini. Nilimuuliza anazisikiliza lini. Akanijibu: "Jumapili jioni, daktari. Wazee wenzangu huja. Tunabishana nani alicheza gita."

Sitakudanganya kwamba santuri ilimponya. Shinikizo lake linadhibitiwa na vidonge, na bado anavimeza kila siku. Lakini sasa ana watu wanaomngojea, na wakimkosa Jumapili watauliza yuko wapi. Hiyo ni kinga ambayo mimi sina katika kabati langu la dawa.

Zaidi ya hayo, nyimbo tulizozipenda ujanani hudumu katika kumbukumbu kuliko mambo mengi. Hata wagonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, ambao wamesahau majina ya wana wao, mara nyingine huimba wimbo wa zamani hadi mwisho. Kwa hivyo ikiwa umekuja kijijini kusafisha nyumba ya mzazi, usikimbilie kuzitupa santuri zake kama takataka. Muulize kwanza. Mchezeshee moja, kisha uketi naye.

Kumbuka lakini kwamba mtu aliyekosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili, anayelia ovyo au kusema hana haja ya kuishi, ana mfadhaiko na anahitaji matibabu haraka. Ukaguzi wa tafiti uliochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2017 ulionyesha kwamba tiba ya muziki inayotolewa na mtaalamu huwasaidia wagonjwa kama hao kwa muda mfupi, lakini ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida. Haichukui nafasi yake.

Mambo ya kuchunga

1. Ukungu na vumbi. Hewa ya nyanda za chai ina unyevu mwingi, na santuri iliyokaa stoo miaka 30 huja na kuvu kwenye jalada lake. Kuvu huamsha pumu, mafua ya mzio na kikohozi. Ifungulie nje ya nyumba, funika pua na mdomo, na uipanguse kwa kitambaa laini chenye maji safi na sabuni kidogo bila kulowesha karatasi ya katikati. Zile santuri nzito za zamani za mizunguko 78 usizipake spiriti, kwa maana nyingi huyeyuka. Jalada lililooza litupe. Mwenye pumu amwachie mwingine kazi hii.

2. Masikio. WHO inasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Ikiwa inakubidi kupaza sauti ili mtu wa hatua moja akusikie, punguza. Na ikiwa huusikii tena ule mkwaruzo mwembamba wa sindano ambao wenzako wanausikia, nenda ukapimwe masikio. Huenda ni nta tu.

3. Mgongo. Santuri moja kubwa na jalada lake ina uzani wa gramu 200 na zaidi. Katoni ya santuri 80 inakaribia kilo 20. Piga magoti, ikumbatie karibu na kifua, na uinuke kwa nguvu za miguu. Afadhali ubebe mara mbili.

4. Umeme. Mashine nyingine kuukuu zilitengenezwa kwa volti 110, na umeme wetu ni 240. Nyaya zilizotafunwa na panya huua. Fundi aikague kabla hujaichomeka.

5. Mfuko. Kumbuka ule utafiti wa dopamini: ubongo hufurahia kutafuta, na unaweza kukufanya utafute bila kikomo. Nimewaona watu wenye mamia ya santuri ambazo hazijawahi kuguswa na sindano, huku bibi nyumbani akiuliza pesa za unga. Kanuni yangu ni hii: usinunue ya pili kabla hujaisikiliza ya kwanza pande zote mbili, na usinunue kwa pesa za dawa, chakula au karo. Ukianza kuficha santuri ili watu wa nyumbani wasizione, hapo raha imekuwa maradhi.

Kwa ufupi, mpenzi msomaji, si idadi ya santuri inayoleta afya. Santuri kumi zinazowakusanya majirani zinashinda mia tano zilizofungiwa chumbani. Wikendi hii ukipata moja nzuri sokoni, kabla ya kuiweka kwenye rafu, fikiria ni mzee gani unayemfahamu ambaye angependa kuisikia. Mpelekee. Afya ni bora kuliko mali, hata mali yenyewe ikiwa ni santuri adimu.