Samaki Wapendao Baridi

Naomba unitegee sikio, kwani nina jambo la kukueleza kuhusu samaki, baridi na maji unayokunywa kila siku. Muhula uliopita kulizuka ubishi mkali katika chama chetu cha Kiswahili. Mwenzetu mmoja alikuwa amesoma kwamba kule Marekani watu hutoboa shimo katika ziwa lililoganda, wakaketi juu ya barafu na kuvua samaki. Wengi walicheka mpaka mbavu zikawauma. "Samaki gani huyo wa kuishi ndani ya friji?" mmoja aliuliza. Basi nikapewa kazi ya kuutafuta ukweli na kuuandika katika jarida hili. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nikaanza kusoma na kuulizauliza. Kazi hiyo ilinipeleka mbali sana, kisha ikanirudisha papa hapa Kibirichia.

Naanza na huko mbali. Katika Marekani kuna jimbo liitwalo Minnesota, karibu na mpaka wa Kanada. Maziwa yake ni mengi hata wenyewe wakalibandika jina la nchi ya maziwa 10,000. Kipupwe cha huko si mchezo, jamani. Kwa wiki nyingi mfululizo baridi hushuka chini ya nyuzi sufuri za Selsiasi, na maziwa huvaa kifuniko cha barafu. Hapo ndipo wapenzi wa uvuvi hutoka na keekee kubwa za kutobolea, viti vidogo, mishipi, ndoana na chambo. Wengine hata hujenga vibanda juu ya barafu na kuwasha jiko ndani yake. Wengi wao si wavuvi wa kutafuta riziki. Ni walimu, makanika, makarani na wanafunzi, ambao kwao uvuvi ni burudani kama vile kandanda ilivyo kwetu.

Wanavua nini? Kuna samaki wadogo wadogo wa namna nyingi ambao huitwa kwa pamoja samaki wa kikaango, kwa sababu mmoja huenea mzima katika kikaango cha nyumbani. Halafu kuna wolai, ambaye ndiye samaki rasmi wa jimbo hilo tangu mwaka 1965. Wolai ana macho makubwa yanayong'aa yakimulikwa, mithili ya macho ya paka. Macho hayo humwezesha kuona katika maji yenye giza, kwa hiyo hupenda kuwinda wakati wa machweo na alfajiri, na wavuvi nao humvizia saa hizo hizo.

Lakini usidhani kwamba mtu hukurupuka tu na kukanyaga barafu. Wataalamu wa huko hushauri kwamba barafu ngumu na safi iwe na unene wa sentimita 10 hivi kabla mtu hajatembea juu yake, na zaidi ya sentimita 25 kabla ya kupitisha gari dogo. Barafu yenye theluji ndani yake au yenye mkondo wa maji chini yake haiaminiki hata ikiwa nene. Asiyepima hutumbukia, na maji ya baridi namna hiyo huua haraka.

Sasa tulijibu lile swali la friji. Mbona samaki hawagandi pamoja na ziwa? Siri imo katika maji yenyewe. Vitu vingi vikipoa hunywea na kuzidi uzito kwa ujazo ule ule. Maji nayo hufanya hivyo mpaka yafike nyuzi 4. Yakipoa zaidi ya hapo hubadili tabia: huanza kutanuka na kuwa mepesi. Ndiyo maana chupa iliyojazwa maji pomoni hupasuka ikisahauliwa mahali pa kugandishia. Basi maji mazito ya nyuzi 4 huzama chini ya ziwa, na yale mepesi na ya baridi zaidi hubaki juu na kuganda. Barafu huelea na kuwa kama blanketi, na chini yake samaki wanaendelea na maisha yao, ingawa kwa mwendo wa pole. Kama barafu ingezama, maziwa yangeganda kuanzia chini, na sijui kama samaki angesalia.

Kinachowaua samaki wa huko si baridi bali ni kukosa pumzi. Theluji ikirundikana juu ya barafu huzuia mwanga, mimea ya majini ikashindwa kutengeneza oksijeni, na katika maziwa ya kina kifupi samaki hufa kwa wingi kabla kipupwe hakijaisha. Tafadhali lishike neno hilo oksijeni, kwa maana ndilo litakalotupandisha mlimani kwetu.

Sisi Wameru tunauita mlima wetu Kirimaara. Uko karibu kabisa na Ikweta, lakini una barafu kileleni. Chini ya pande la barafu liitwalo Lewis kuna kidimbwi kiitwacho Curling Pond, jina la mchezo wa wazungu wa kutelezesha mawe juu ya barafu. Kwa hivyo maji kuganda si jambo geni kwetu. Lakini huku hatuna kipupwe cha miezi kadhaa. Huko juu kila usiku ni kipupwe na kila mchana ni kiangazi. Utando wa barafu uliofanyika usiku huyeyuka jua likishapanda, na ndiyo sababu maziwa yenye samaki mlimani hayawezi kupata barafu ya kubeba mtu. Ukimwona yeyote anataka kuijaribu, mshike mkono.

Hata hivyo, uvuvi wa baridi tunao. Upande wetu wa kaskazini mashariki ya mlima kuna maziwa mawili madogo, Rutundu na Alice, yote yakiwa zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Wasomaji wengine huenda wamelisikia jina la Rutundu kwa sababu ni huko ambako Mwanamfalme William wa Uingereza alimchumbia Kate Middleton mnamo Oktoba 2010. Lakini wavuvi wa burudani walikuwa wakilijua zamani kwa sababu ya samaki mmoja tu, trauti.

Trauti si mwenyeji wetu. Trauti wa kahawia waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kutiwa katika Mto Gura kule Nyandarua. Baadaye, mwaka 1910, wakaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Walowezi waliwasambaza katika mito ya milimani ili wapate mchezo walioupenda kwao. Mwaka 1948 serikali ilijenga kituo cha kuzalishia trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Wazee wetu wengi hawakuujali uvuvi huo, kwa kuwa kwa desturi samaki hakuwa chakula chetu. Babu yangu hadi leo akiletewa samaki mezani husukuma sahani kando na kusema kwamba yeye hali nyoka! Lakini vijana tumebadilika, hasa baada ya serikali kuanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi vya samaki mwaka 2009, na Meru haikuachwa nyuma.

Anayevua trauti kwa burudani hatumii nyungunyungu. Hutumia ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi kwa ustadi ikafanana na mdudu. Hurusha mshipi wake mrefu kwa ufito mwepesi mpaka mdudu huyo wa bandia atue juu ya maji taratibu kana kwamba yu hai. Jambo lililonifurahisha ni kwamba wadudu hao wa bandia hufungwa kwa mikono papa hapa Kenya na kuuzwa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo huenda mvuvi wa huko ana ndoana iliyofungwa na dada wa Kikenya. Aidha, anayetaka kuvua trauti mlimani hana budi kuwa na kibali, na wengi humrudisha samaki majini akiwa hai. Huloweka mikono kwanza, maana mkono mkavu humwondolea samaki utelezi wake unaomkinga na maradhi.

Sasa turudi kwa oksijeni. Maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 huweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni, lakini yakifika nyuzi 25 hubeba 8 tu. Wakati huo huo mwili wa samaki unapopata joto hudai oksijeni zaidi. Trauti hustawi katika maji ya nyuzi 10 hadi 16. Yakipita 20 huanza kutaabika, na yakikaribia 25 huwa amekwisha. Perege wa vidimbwini, kinyume chake, hufurahia joto la nyuzi 25 hadi 30. Juu mlimani hewa ni nyepesi, na ukifika mita 3,000 oksijeni majini hupungua kwa karibu theluthi moja. Hivyo baridi ndiyo inayomfidia trauti. Mwondolee baridi, umemwondolea pumzi.

Fauka ya hayo, trauti hutaga mayai katika changarawe safi mtoni, na maji hupita kati ya vijiwe yakiyapelekea mayai hewa. Tope likishuka na kufunika changarawe, mayai hukosa hewa na kufa. Dawa ya wadudu nayo humdhuru upesi. Hata ile itokanayo na maua ya pareto, ambayo haimtishi sana binadamu, ni sumu kali kwa samaki.

Je, hayo yatuhusu nini sisi wakulima wa viazi? Yanatuhusu sana, msomaji. Maji yale yale yashukayo kutoka msituni ndiyo yanayoingia katika mifereji na mabomba yetu, yakanywesha ng'ombe, yakanyunyizia viazi na kabichi, kisha yanayosalia yakateremka kwa ndugu zetu wa nyanda za chini upande wa Isiolo. Huhitaji kula trauti ili faida yake ikufikie. Samaki huyu ni kama askari wa zamu. Mto ukipata joto, ukijaa tope au ukitiwa sumu, yeye ndiye wa kwanza kuondoka.

Wako wanaosema kwamba tatizo ni barafu ya mlimani inayoyeyuka. Kuyeyuka ni kweli. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa taarifa kwamba barafu ya Mlima Kenya huenda ikatoweka yote katika miaka ya 2030, ikitangulia ile ya Kilimanjaro na Ruwenzori. Ni huzuni, lakini barafu hiyo ni ndogo mno kulisha mito yetu. Kinacholisha mito hasa ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Udongo wa msituni huyanyonya maji kama sifongo na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi. Miti ya kingoni nayo huukinga mto na jua ili maji yabaki baridi. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu, lakini msitu na kingo za mito zimo mikononi mwetu.

Mimi naishi karibu na kijito kimoja, na kila kiangazi nayaona mambo kwa macho yangu. Mtu hulima mpaka ukingoni, mvua ikija udongo wote wamo mtoni. Mwingine humaliza kunyunyizia viazi dawa ya ukungu, akaisuuza pampu yake mle mle mtoni, na hatua chache chini mtoto anateka maji ya chai. Mwingine hupanda mikaratusi kingoni, miti ambayo hunywa maji kama mlevi wa sikukuu. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya, lakini mto hauulizi nia ya mtu.

Kwa hivyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, pampu za dawa zisuuzwe shambani, mbali na mto, na maji yake yamwagwe penye mimea iliyonyunyiziwa. Pili, kila familia yenye shamba kando ya mto iache ukanda wa nyasi na miti ya kienyeji bila kulima. Tatu, chama chetu kishirikiane na wenzetu wa chama cha sayansi, tuazime kipimajoto na kupima maji mara moja kila mwezi mahali pawili, yanapotoka msituni na yanapopita chini ya mashamba, saa ile ile kila mara. Tuandike nyuzi hizo katika daftari, na wale watakaotufuata waendelee. Baada ya miaka mitano kijiji kitajua kama mto wetu unapata joto au la, bila kubahatisha.

Nawaonya pia wale watakaovutiwa na trauti wakataka kumhamishia kila kijito. Trauti ni mlafi, hula wadudu na viumbe wengine wa maji bila huruma, na wataalamu duniani wamemweka katika orodha ya viumbe wageni waletao madhara makubwa. Abaki pale alipo.

Msomaji mpenzi, wa Minnesota huipima barafu kabla hawajaikanyaga. Sisi tupime mto wetu kabla haujatushinda, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayetaka kujiunga na kundi la kupima maji aniletee jina lake mkutano ujao wa chama.