Mwaka wa misheni kabla ya chuo

Marekani na Uingereza, baadhi ya vijana wa Kikristo wanaomaliza sekondari hawaingii chuo moja kwa moja. Huchukua kwanza mwaka wa misheni: husoma Biblia, huishi pamoja na wenzao, kisha hutumwa kuhudumu, mara nyingi nje ya nchi, huku nafasi ya chuo ikiwangoja. Mwaka huo haufanani na ziara za misheni za wakati wa likizo. Mwanasosholojia Robert Wuthnow, kwa kutumia takwimu za mwaka 2005, alikadiria kuwa waumini milioni 1.6 wa Marekani husafiri nje kila mwaka kwa ziara hizo fupi, na nyingi humalizika kwa muda wa wiki moja hivi. Wiki moja haitoshi hata kuyashika majina ya majirani. Miezi tisa ya mwaka wa misheni yaweza kutosha, ikitumiwa vizuri.

Hadi katikati ya karne iliyopita, aliyetaka kutumwa na shirika la misheni mara nyingi alitakiwa awe na miaka ya theolojia au taaluma mkononi, kisha ajitoe kwa muda mrefu. Mwaka 1957 mwanafunzi wa chuo, George Verwer, na wenzake wawili walipakia vitabu vya Injili kwenye lori wakaenda Meksiko wakati wa likizo. Safari hiyo ilizaa Operation Mobilisation, shirika lililokuja kujulikana kwa meli zake za vitabu, kuanzia Logos ya mwaka 1970. Loren Cunningham naye alianzisha Youth With A Mission (YWAM) mwaka 1960, akiwa kijana asiyefika miaka 26, akishikilia kwamba aliyetoka tu shule anaweza kutumwa.

Njia inayofahamika zaidi leo ni Shule ya Uanafunzi ya YWAM, ya miezi mitano hadi sita. Karibu wiki 12 za kwanza ni za darasani, na kwa kawaida kila wiki huletwa mwalimu mwingine: huyu atafundisha maombi, yule msamaha, mwingine namna ya kuisoma Biblia. Mchana kuna zamu za kuosha sufuria, kufagia na kulima bustani. Kijana ambaye nyumbani hakuwahi kuosha choo cha watu 30 hukiosha hapo, na wengi hupata fundisho lao la kwanza la utumishi kwenye choo hicho kabla ya kulisikia mimbarani. Baada ya hapo kikundi hutumwa kwa wiki nane hadi 12. Shirika la Adventures in Missions la Georgia, Marekani, lililoanzisha safari za misheni za World Race mwaka 2006, lina mpango wa miezi tisa katika nchi tatu kwa vijana wa miaka 18 hadi 21.

Upande wa chuo, ushauri wa kawaida ni kijana aombe nafasi akiwa bado shuleni, apate barua ya udahili, ndipo aandike kuomba kuahirisha kwa mwaka mmoja. Harvard imewahimiza waliodahiliwa kufikiria hatua hiyo kwa miaka mingi, lakini si kila chuo kinakubali, na ufadhili wa masomo hausubiri siku zote. Majibu hayo yapatikane kwa maandishi kabla ya tiketi kukatwa. Jambo jingine ni alama za masomo: Chuo Kikuu cha Mataifa cha YWAM, kilichoanzia Kona, Hawaii, hakina ithibati ya vyombo vya Marekani, kwa hiyo vyuo vingi havizihesabu alama zake. Gharama hulipwa na kijana mwenyewe, ambaye huwaandikia ndugu, marafiki na usharika wake barua za kuomba mchango.

Swali zito kuliko yote haya ni faida ya yule anayehudumiwa. Baada ya kimbunga Mitch kuiharibu Honduras mwaka 1998, mtafiti Kurt Ver Beek wa Calvin College alichunguza nyumba zilizojengwa upya huko. Nyumba iliyoweza kusimamishwa na mafundi wa nchi hiyo kwa dola 2,000 ilikula dola 30,000 ilipojengwa na kikundi cha wageni, nauli zikihesabiwa. Kuhusu vituo vya yatima, shirika la Save the Children lilieleza mwaka 2009 kwamba watoto wasiopungua wanne kati ya watano wanaolelewa humo wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Mgeni anayewabeba watoto hao miezi miwili kisha akaondoka anawaongezea mtu mwingine wa kumkosa.

Jinja, Uganda, ilionyesha hatari kubwa zaidi. Msichana wa Kimarekani aliyefika huko mara tu baada ya sekondari alianzisha Serving His Children, kituo kilichopokea watoto wenye utapiamlo mkali ingawa yeye hakuwa na mafunzo ya udaktari. Watoto zaidi ya 100 walifariki kituoni humo. Mwaka 2019 akina mama wawili walifungua kesi, ikamalizika mwaka uliofuata kwa fidia bila upande wa pili kukiri kosa.

Kwa hiyo anayechagua mpango ana haki ya kudai majibu. Ni kanisa gani la mahali hapo lililoomba mtu aje? Nani atamsimamia kila siku, na je, msimamizi huyo ni mwenyeji? Lugha itafundishwa kwa muda gani kabla ya kazi kuanza? Mpango mzuri humweka mgeni chini ya mchungaji, mwalimu au fundi wa huko na kumwachia kazi anazoziweza: kubeba mchanga, kupanga vitabu, kucheza mpira na vijana. Mpango unaomkabidhi mtoto wa miaka 18 sindano au darasa zima uachwe.

Afrika Mashariki nayo hutuma vijana wake, na YWAM ina vituo Athi River na Arusha. Mkenya aliyemaliza mtihani wa sekondari (KCSE) mwezi Novemba hukaa hadi Agosti au Septemba ndipo aripoti chuo, muda unaotosha shule nzima ya uanafunzi bila kuahirisha chochote. Mtanzania nafasi yake ni finyu: mtihani wa kidato cha sita ni Mei, kisha mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa waliochaguliwa, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Akitaka mwaka mzima, itambidi achelewe mwaka mmoja kuomba udahili na mkopo, na hilo alizungumze na wazazi mapema. Lakini kijana wa Afrika Mashariki akitumwa Turkana au Kigoma anaanza kazi na Kiswahili kinywani, jambo ambalo kijana wa Georgia hulitafuta kwa miezi.