Saratani ya Titi na Mama Kijana: Kweli au Uongo?

Mama akiwa na mtoto mchanga, washauri hawaishi: mama mkwe, wifi, jirani, mpaka kundi la WhatsApp la kicheni pati. Likija suala la saratani ya titi, ushauri wao una mchele na una pumba. Haya, tuupepete. Maneno haya saba bila shaka umeshayasikia.

1. "Hayo ni maziwa yameganda tu."

Kweli mara nyingi, si mara zote. Mtoto akinyonya vizuri, maziwa yaliyoganda kwa kawaida huachia ndani ya siku chache, na bibi anayekwambia usiache kunyonyesha yuko sahihi. Lakini uvimbe uliokaa wiki mbili, chuchu iliyozama ghafla au inayotoa damu, hilo si la kukanda kwa maji ya moto wala kuchana kwa kitana. Nenda ukapimwe, ultrasaundi haidhuru maziwa wala mtoto. Na usijipoze kwamba bado u mdogo. Hatari huongezeka na umri, ila wagonjwa wa miaka thelathini na kitu wapo.

2. "Kunyonyesha humkinga mama."

Kweli, na wazee wapewe haki yao. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30: kila miezi 12 ya kunyonyesha ilipunguza hatari kwa asilimia 4.3. Hiyo ni nafuu, si kinga kamili. Aliyenyonyesha watoto wanne naye anaweza kuugua, na akiugua asitafutiwe kosa.

3. "Saratani haitaki chuma, ukiigusa inasambaa."

Uongo. Chanzo chake kinaeleweka: wengi hufika hospitali ugonjwa umeshatembea, wanapasuliwa, wanafariki, lawama inaangukia kisu. Kilichoua ni kuchelewa. Kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, ndiko kunakoonyesha kama saratani yako inachochewa na homoni au la, na hapo ndipo dawa inachaguliwa. Bila kinyama, daktari anabahatisha.

4. "Una mimba? Chagua: mtoto au matibabu."

Uongo kwa wengi. Upasuaji unawezekana ukiwa mjamzito, na baadhi ya dawa za kemo hutolewa miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kisha husitishwa wiki chache kabla ya kujifungua. Mionzi, pamoja na dawa za tamoxifen na trastuzumab, ndizo husubiri mtoto azaliwe.

5. "Ukianza kemo au mionzi, usimpakate mwanao."

Uongo, isipokuwa kwenye kunyonyesha. Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Ukitoka chumbani hujabeba kitu cha kumdhuru mtoto. Dawa za kemo ndizo hupita kwenye maziwa, kwa hiyo kipindi hicho mtoto hanyonyi. Hutoka pia kwa mkojo na matapishi kwa siku mbili hivi: ile dripu nyekundu, doxorubicin, huugeuza mkojo nao kuwa mwekundu. Nawa kwa sabuni, kisha mpakate. Aliye hatarini zaidi ni wewe, maana kinga imeshuka na mafua ya mtoto hayachagui. Joto likifika 38, hospitali usiku huohuo.

6. "Chemsha majani ya mstafeli, yanatosha."

Uongo. Kuua seli ndani ya chupa ya maabara ni jambo moja, kumponya mtu ni jingine, na ushahidi wa hilo la pili haupo. Hata hivyo, anayeamini miti si mjinga: paclitaxel, dawa ya kemo inayotumika sana kwa saratani ya titi, ilipatikana kwanza kwenye gome la mti wa Amerika Kaskazini. Ila hupimwa kwa miligramu kulingana na mwili wa mgonjwa. Sufuria la majani nani kalipima? Ukinywa chochote, mwambie daktari.

7. "Ukishatibiwa, kuzaa basi."

Si lazima. Kemo inaweza kudhoofisha ovari, hasa umri ukikaribia miaka 40. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia wanawake 516 wenye miaka 42 au chini, ambao saratani yao ilichochewa na homoni. Baada ya angalau mwaka mmoja na nusu wa tiba ya homoni, waliisimamisha hadi miaka miwili ili watafute mtoto. Karibu robo tatu walipata mimba, na katika miaka mitatu ya kwanza saratani haikuwarudia zaidi ya wenzao waliolinganishwa nao. Ufuatiliaji bado unaendelea, na kuacha vidonge vya tiba ya homoni kimyakimya si sehemu ya mpango huo. Kama ungependa mtoto mwingine, lisemee kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu baadhi ya njia za kulinda kizazi hufanyika kabla ya hapo.