Mnyauko wa nyanya: kwa nini mbegu stahimilivu peke yake haitoshi

Vijana wa Mgeta huwa mnaniuliza dawa ya mnyauko. Nyanya ikinyauka ghafla ingali kijani, kata shina, liweke kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huyo ni bakteria anayeitwa Ralstonia. Dawa ya ukungu haimuui, usipoteze hela.

Sasa sikia: bakteria huyu huweza kuchukua vinasaba vya wenzake waliokufa na kuvifanya vyake. Hivyo hujibadilisha, na mbegu iliyostahimili jana inaweza kushindwa kesho. Ukileta miche yenye ugonjwa toka mbali, umewakutanisha wageni na wenyeji.

Kwa hiyo otesha miche yako, ng'oa iliyonyauka, osha jembe, kisha badilisha na mahindi au kabichi. Viazi mviringo, bilinganya na pilipili, hapana: ni ndugu wa nyanya.