Djugu: Dawa ya shamba bila etiketi, mkulima wa Fataki atamshitaki nani?

Katika masoko mengi ya Ituri, mkulima anayetafuta dawa ya kuua magugu au wadudu hanunui bidoni nzima. Anapimiwa kidogo katika chupa iliyokuwa ya maji au ya sukre, na etiketi inabaki dukani. Hata ikimfikia, bidoni iliyopitia Uganda mara nyingi imeandikwa Kiingereza. Huko Fataki, yapata kilometa 80 kaskazini mwa Bunia, ni wachache wanaoisoma lugha hiyo. Mtu akiugua, ni nani atakayelipa?

Marekani wanabishana juu ya jambo la karibu na hilo. Januari 2026, Mahakama Kuu ilikubali kusikiliza kesi ya kampuni Monsanto, ambayo tangu 2018 ni mali ya Bayer ya Ujerumani. Mwaka 2023, raia waamuzi wa Saint Louis, jimbo la Missouri, waliamua mwanaume mmoja alipwe dola milioni 1,25. Alitumia Roundup kwa miaka karibu 20, akapata kansa ya limfu. Kosa waliloliona ni moja: kampuni haikumuonya.

Monsanto inajibu kwamba etiketi yake ilikubaliwa na serikali ya shirikisho, na kwamba sheria ya shirikisho inakataza majimbo kudai maneno ya ziada au tofauti. Idara ya mazingira ya Marekani haioni kwamba glifosati, dawa iliyomo ndani ya Roundup, inaleta kansa. Shirika la OMS la utafiti wa kansa lilisema 2015 kwamba huenda inaleta.

Wakulima wa karanga wa Texas walishapita njia hiyo. Etiketi yao ilisema dawa inafaa kila mahali panapolimwa karanga. Kwenye udongo wao karanga zilidumaa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ilikataa kuwafungia mlango: jimbo haliwezi kuongeza masharti, lakini mtu anaweza kudai fidia pale sheria ya jimbo inapotaka kile kile cha shirikisho, yaani etiketi isidanganye.

Kongo si shirikisho. Hata hivyo kifungu cha 205 cha Katiba ya 2006 kinafanana: katika mambo yanayoshirikiwa na Kinshasa na majimbo, sheria ya jimbo inayopingana na ya taifa ni batili. Lakini mkulima wa Fataki hahitaji sheria iliyopigiwa kura Bunia. Anacho kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, cha tangu 1888: aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima alipe. Hiyo ni sheria ya taifa, na ni vigumu muuzaji kudai kwamba kibali kutoka Kinshasa kimeifuta.

Taabu iko kwenye ushahidi. Lazima kuonyesha madhara, kosa, na kwamba kosa ndilo lililoleta madhara. Dawa ya kwenye chupa haina jina wala kampuni. Anayebaki mbele ya tribinali ni mama au kijana wa soko, ambaye naye alinunua kwa mwingine bila fakture. Na barabara za Djugu, zenye makundi ya silaha tangu mwisho wa 2017, hazimruhusu kila mtu kwenda Bunia kufuata kesi.

Bidoni yenye etiketi inafaa hata kabla ya hakimu. Daktari akiletewa mtu aliyelewa dawa ya shamba, swali lake la kwanza ni jina la sumu.